Pikapu Iliyoondoka na Mama Mkwe

Naisimulia hii mwenyewe kwa sababu huku Kizwite wameshaanza kunisimulia wao, na kila anayesimulia anaongeza lake, wengine wanasema niliruka nje nikamwacha mama mkwe ndani, wengine eti padre ndiye aliyesukuma gari, na nikiendelea kukaa kimya nitakuja kusikia kuwa gari liliua mtu. Halikuua, namshukuru Mungu. Aibu yenyewe acheni niitoe kwa mdomo wangu.

Nilinunua pikapu iliyotumika, kuukuu lakini ina sura, ya kubebea mahindi na ulezi kutoka vijijini. Nikaipeleka kwa fundi wangu, Gaspari, akalala chini yake, akatoka mikono myeusi akaniambia, "Kaka, gari la mtu ukinunua unaanza upya. Mwaga oili, badilisha betri, na huu waya wa hendibreki umelegea, haushiki kitu. Usiende nalo kokote kabla hujarudi hapa." Nikamwambia sawa. Kisha nikaenda kushonesha kava za viti na kuandikisha jina la binti yangu, Neema, kwa rangi nyekundu kwenye bampa la nyuma (mnacheka, lakini nani kati yenu amewahi kusifiwa kwa waya wa hendibreki?).

Haraka yangu ilikuwa Jumapili. Mke wangu, Skola, alishapeleka habari kwao, kijijini jirani na Mwimbi, kuwa gari litabarikiwa kwenye kigango chao padre atakapokuja kusalisha misa, na padre kule haji kila wiki. Mama yake alishawatangazia watu. Huyu mama, niwaambie ukweli, tangu nimuoe binti yake sikuwahi hata kumpa mkono, maana kwetu mkwe unamheshimu, unampisha njia, unamwamkia huku unatazama pembeni, na akikaa sebuleni wewe unajitafutia kazi nje. Nilikuwa na habari kwamba ananiona mtu wa maneno mengi. Nilitaka siku hiyo anione nimekuwa mtu.

Sasa betri ilikuwa hivi, ukizima gari halikubali kuwaka tena mpaka lisukumwe, na mimi sikutaka kusukumwa mbele ya wakwe. Kwa hiyo nilipofika nikaliacha linaunguruma, gia nimetoa, hendibreki nimeivuta kwa kuigiza tu, na tairi la mbele nikalizuia kwa jiwe, kwa sababu kanisa liko juu ya kilima, mbele yake ni mteremko wa majani, chini shamba, na chini ya shamba korongo.

Misa ikaisha. Kwaya ikajipanga, simu zikainuliwa, Skola akamkaribisha mama yake kiti cha mbele abarikiwe pamoja na gari. Hapo ndipo nikaliona lile jiwe. Gari limeoshwa, lina jina, lina kava mpya, halafu limewekewa jiwe kama meza yenye mguu mfupi. Nikaona picha haiwezi kutoka hivyo. Nikasogea nikijifanya nakagua tairi, nikalisukuma jiwe kwa kisigino.

Gari halikuondoka papo hapo, na hilo ndilo lililoniponza, nikarudi nikasimama na mikono yangu mbele kwa unyenyekevu. Padre alishamaliza boneti, akageukia tairi la nyuma, akanyunyiza, na nikaona maji ya baraka yanaangukia majani. Tairi halikuwepo. Pikapu ilikuwa inaondoka polepole, kwa adabu kabisa, na kwaya inaendelea kuimba wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Nikakimbia na suti yangu, nikalifikia upande wa mama mkwe, nikafungua mlango nikawa nakimbia nalo sambamba. Lilikuwa bado na mwendo wa mtu anayetembea. Kilichotakiwa ni kimoja tu, kumshika mkono nimvute nje. Mkono wangu ukafika karibu na kiwiko chake, ukarudi. Mbele ya padre na kijiji kizima, nimshike mama mkwe? Nikajisikia nasema, "Shikamoo mama," wakati tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba baba," akaitikia. "Kwani tunakwenda wapi?"

Kabla sijapata jibu gari likachanganya, mlango ukaniponyoka, nikala majani. Nilipoinua kichwa niliona kilemba chake tu kikienda zake kuelekea korongoni, na hapo sikufikiria aibu tena, nilifikiri nimemuua mama wa mke wangu.

Kilichotuokoa ni ntumba, yale matuta makubwa ya duara tunayolima huku Ufipa, ambayo unafukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Shamba zima lilikuwa limejaa, udongo laini kwa mvua. Pikapu ikabomoa tuta la kwanza, ikabomoa la pili, lililofuata ikazamisha pua ikazimika. Nikafika, nikamkuta kilemba kimemfunika jicho moja, mzima, hana hata mkwaruzo. Nikakaa kwenye tope na suti yangu nikalia kwa furaha, watu wote wakiniona.

Skola alimkagua mama yake kwanza, ndipo akanigeukia. "Baba Neema, lile jiwe nani kalitoa?" Nikatazama kisigino changu. Padre naye akateremka taratibu na ndoo yake, akasema, "Nipisheni nimalizie, nilikuwa sijafika kwenye matairi." Hapo watu wakacheka, hata mimi nikacheka na machozi yangu.

Pikapu ilivutwa kwa kamba mpaka kwa Gaspari, na nimeapa gari lolote nitakalonunua maishani litaanzia kwa fundi, urembo utasubiri. Mimi nilibaki kule, kwa kuwa shamba lilikuwa la mama mkwe mwenyewe, na Jumatatu nikashika jembe kurudishia ntumba zake. Akaja na kikombe cha uji wa ulezi, akakiweka chini mbali kidogo kama desturi. Nikaomba radhi huku natazama udongo.

Akasema, "Heshima yako naijua, baba, wala sina shaka nayo. Ila siku nyingine ukiona nakufa, nishike."

Nikamwambia nimesikia, mama. Akainama, akakichukua kile kikombe, akanikabidhi mkononi.