Bega la Mbuzi

Nilipofika Rumonge kufundisha, bendera ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa imeshazoeleka Usumbura, na barua za serikali zilitufikia kwa mtumbwi. Shule yangu ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye wanafunzi kumi na wanane, wengi wao wana wa wachuuzi wa mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mimi nilikuwa kijana wa pwani, nimesomeshwa Tanga, na nilijiona najua mengi.

Siku moja ikaja barua ya daktari wa kambi ya wagonjwa wa malale. Angepita baada ya miezi miwili kuchagua wanafunzi wawili wa kumsaidia kazi, na alitaka wanafunzi wote wawe wanaijua mifupa ya mwili na namna nyama inavyoisogeza. Ndani ya bahasha aliweka picha ya mifupa ya binadamu, imechorwa kwa wino.

Mifupa ya mtu sikuwa na pa kuipata, wala nisingethubutu kuitafuta. Nikaenda kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akichemsha vichwa na miguu ya mbuzi karibu na machinjio, akiwauzia wavuvi supu. Nikamwomba mifupa ya mbuzi mmoja.

"Yote, mwalimu?"

"Yote, mama. Hata mmoja usipotee."

Alicheka, lakini baada ya siku nne aliniletea kikapu, mifupa imesuguliwa kwa majivu hadi ikawa myeupe.

Tuliipanga sakafuni na kuifunga kwa nyuzi za migomba. Uti wa mgongo ukakaa, mbavu zikakaa, miguu ya nyuma ikaingia nyongani kama mchi kinuni. Kwenye miguu ya mbele tukakwama. Picha ya daktari ilionyesha mfupa mwembamba unaoshika bega na kifua, kulia na kushoto. Kikapuni haukuwemo hata mmoja.

Nikatoka na wanafunzi nyuma yangu mpaka kwenye vyungu vya yule mama. Wavuvi walikuwa wamekaa wanakunywa supu.

"Mama, umenipunja," nikasema. "Mifupa miwili ya mabega haimo. Umewapa mbwa au umeificha?"

Aliweka upawa chini. "Mimi nimekupa mbuzi muzima."

"Picha haisemi hivyo."

"Na hiyo picha iko ya mbuzi gani?"

Wavuvi wakaangua kicheko. Nilirudi shuleni nimekasirika, nikachonga vijiti viwili, nikavifunga mahali pa ile mifupa niliyodhani imeibwa. Kwa siku tatu wanafunzi walichora vijiti vyangu kwenye vibao vyao kama kitu cha kweli.

Siku ya nne yule mama aliingia darasani amebeba ubavu wa mbuzi juu ya jani la mgomba, mguu wa mbele bado umeshikana nao.

"Amahoro," akawaambia wanafunzi. Mimi hakunisalimia. Akampa kisu mwanafunzi aliyekuwa mkubwa kuliko wote. "Kata hapa, kati ya mukono na mbavu. Kisu kikigonga mufupa, mimi ndiye mwizi."

Kisu kilipita kama kinakata ugali. Mguu mzima ukamwangukia mkononi, na bega lake, na hatukusikia mahali popote kisu kikikwaruza mfupa.

"Mbuzi iko anabebwa na nyama," akasema yule mama. "Kifua chake kinaning'inia kati ya miguu, kama mugonjwa mu machela. Ndiyo maana anaruka jiwe na havunjiki."

Uso uliniwaka. Nikavifungua vile vijiti mbele yao. "Nimewafundisha uongo," nikawaambia wanafunzi, "na nimemwita mama huyu mwizi. Mama, nisamehe."

"Uliniita mwizi mbele ya wavuvi, mwalimu. Hapa wavuvi hawapo."

Basi nikaenda naye mpaka kwenye vyungu, nikasema tena, kwa sauti. Mvuvi mmoja akaniambia nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia.

Kuanzia hapo alikuja kila wiki na mguu mbichi. Alivuta ukano mmoja, kwato zikakunjika. Akavuta wa upande wa pili, zikanyooka. Wanafunzi wakashika mikono yao wenyewe, wakaikunja na kuikunjua, wakagundua kuwa nyama haijui kusukuma. Inavuta tu, na ikichoka kuvuta, mwenzake upande wa pili ndiye anayerudisha mfupa.

Daktari alifika jioni moja akiwa na haraka. Aliwapapasa wanafunzi shingo akitafuta matezi yaliyovimba, dalili ya malale, kisha akaitazama mifupa ya mbuzi wetu. "Mfupa wa kushika bega uko wapi?" akauliza.

"Mtu anao, bwana daktari," akajibu mwanafunzi mmoja. "Mbuzi hana."

Daktari akainama, akaangalia pande zote mbili. "Kweli," akasema, akachagua wawili na kuondoka nao.

Nilipomuuliza yule mama nimlipe nini, alisema anataka binti yake akae darasani. Nikakubali, ingawa hakukuwa na msichana hata mmoja. Baba wawili waliwatoa wanao kwa sababu hiyo. Mmoja aliwarudisha baada ya mwezi, mwingine hakuwarudisha kamwe. Binti alikaa. Vita ya Wazungu ilipoifunga shule alikuwa amebakiza kitabu kimoja tu kumaliza masomo, nikamwachia kitabu hicho.