Mkeka wa Kuondokea

Waridi binti Lukumani hakuwahi kusifu kazi ya mtu mwingine. Nasema hakuwahi, na mimi nimekaa naye mlango kwa mlango tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Ukimpelekea chakula atasema chumvi imekaa upande mmoja. Ukimwonyesha mtoto mchanga atamgeuza, amtazame kisogo, aseme kichwa hiki kitanyooka kwa taabu. Na ukimwonyesha mkeka, basi umejitakia mwenyewe.

Kijiji chetu kiko kando ya njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, na sisi wanawake wa Kiislamu wa hapa ni wasukaji. Tunasuka ukindu, jani juu ya jani, mpaka tupate ukili, ule mshipi mrefu wa upana wa vidole vinne. Kisha tunashona ukili kwa ukili mpaka uwe mkeka. Hakuna aliyesuka kama Waridi, wala hatapatikana. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nilimpenda.

Siku ya harusi yangu mkeka wangu ulitandazwa uani ili wageni wauone, kama ilivyo desturi. Waridi alipiga magoti, akapitisha kidole pole pole, akafika pembeni akasimama.

"Hapa umeruka jani," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume.

Kisha akaingiza ukucha akavuta, na ukili ukafumuka shibiri nzima mbele ya watu. Wageni wakacheka. Mama mkwe wangu hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku ile jina langu ni Hawa Ruka. Nimezaa watoto saba, nimezika mume, na wajukuu wangu wananiita Bibi Ruka bila kujua kwa nini. Miaka thelathini na minane.

Sasa, kwetu msukaji husuka mkeka wake wa kuondokea angali na nguvu. Ndio atakaofungiwa juu ya sanda siku ya kubebwa kwenda makaburini. Waridi aliusuka wake kwa misimu mitatu ya kiangazi: urefu wake mwenyewe, na shibiri moja kichwani na moja miguuni ya kufungia. Safu tatu nyekundu, moja nyeusi, tatu nyekundu, moja nyeusi. Nilikuwa nikichungulia juu ya ua kila jioni, kwa wivu. Alipoumaliza aliuvingirisha akauweka darini. Mwaka uliofuata vidole vyake vikaanza kukauka na kujikunja, mpaka akawa hawezi kushika hata sindano. Mkeka ule ulikuwa wa mwisho, na yeye alilijua hilo.

Mwanawe Iliasi akauuza.

Waridi aligundua siku aliyotaka uanikwe juani. Iliasi, mwanaume mzima mwenye ndevu, alimwambia hivi: "Mama, mukeka yako iko galeri, kule Kasongo. Wakubwa wanakuja kuiangalia. Ni heshima, mama." Heshima ile alikuwa ameshaigeuza simu yenye kioo kikubwa. Mimi niliiona mfukoni mwake, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yangu katika habari hii, mtaona.

Jioni Waridi alikuja mlangoni kwangu. Hakuniamkia.

"Hawa, utanipeleka Kasongo. Macho yangu haioni tena mbali. Ninaenda kuchukua mukeka yangu."

"Na kama wakikatalia, yaya?" nikamwuliza, maana kwetu aliyekuzidi umri humwita yaya, dada mkubwa.

"Watanikatalia namna gani? Iko yangu."

Nilikubali haraka mno. Semeni mtakavyo, nilikwenda ili nimwone akiaibika.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, sote wawili nyuma ya dereva mmoja wa pikipiki, Waridi katikati akimkemea dereva kila penye shimo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, tope jekundu limetufika magotini. Tulishuka sokoni Kasongo, tukauliza hiyo galeri, nyumba ya kuonyeshea kazi za mikono, tukaonyeshwa chumba nyuma ya duka la sabuni.

Huko kulikuwa na visu vya zamani, viti vya kuchonga, na kinu kimesimamishwa juu ya meza peke yake, hakina mchi. Waridi alikichungulia ndani.

"Kinu hiki kimetoboka," akasema. "Njo maana wanakiangalia tu."

Mwenye chumba alitwambia kwamba yeye hana mikeka. "Muende kwa Madame Rachelle, nyuma ya misheni. Kule njo kuko mikeka, wamama." Waridi alimwambia kuwa viti vyake vina miguu isiyolingana, tukatoka.

Nyumba ya Madame Rachelle ilikuwa ya matofali, imepakwa chokaa, na sakafu yake iling'aa. Mwenyewe ni mwanamke wa mjini Kindu, sauti laini, viatu vyeupe. Alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia.

"Karibuni, wamama. Mufute miguu kwanza, tafadhali. Sakafu ni mupya."

Mlangoni palikuwa na kipande cha mkeka kimetandikwa chini, kimeshiba tope la watu wa wiki nzima. Waridi akaanza kufuta miguu, wa kulia, wa kushoto. Halafu akasimama. Akaupapasa ule mkeka kwa unyayo, kama mtu anayetafuta sindano gizani.

"Hii ya mulangoni," akasema, "mutu aliyesuka hii alijua kazi. Ni zambi kuikanyaga."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia akisifu. Nikainama nitazame. Chini ya tope, safu tatu nyekundu, moja nyeusi, tatu nyekundu. Nilijua palepale. Nilikuwa nimeuchungulia misimu mitatu, ningeutambua hata ndotoni.

Sikusema neno. Nilikanyaga juu yake nikafuta miguu yangu, kisigino na vidole, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tangu kuolewa.

Ndani kulikuwa na picha za rangi, za mitumbwi na wanawake wanaotwanga. Waridi alizipita zote kama anayepita kwa majirani asioamkiana nao. Mwisho wa ukuta kulikuwa na fremu kubwa yenye kioo, na ndani yake mkeka wake. Nusu yake. Chini palibandikwa karatasi, na kwa kuwa Waridi hasomi, nilimsomea mimi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Mkeka wa harusi. Kazi ya kale. Msukaji hajulikani."

Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hajulikani?" akauliza. "Mi nasimama hapa. Ni mimi nilisuka. Na si ya harusi, ni ya kuondoka nayo."

Alinyoosha mkono. Madame Rachelle akaushika kwa upole, akaurudisha. "Mama, hapa hatugusi. Iko ya kuangalia tu. Na hii imekwisha kupata mwenyewe, mutu wa Bukavu."

"Mbona ni mufupi? Ingine iko wapi?"

"Ukuta haikutosha, mama. Tuliikata na panga. Ile ingine haikuwa na kazi, tukaiweka pale mulangoni."

Alilisema hivyo tu, bila ubaya wowote, kama anayeeleza alivyokata kitambaa cha dirisha. Waridi aligeuka akatazama mlango. Kisha akanitazama mimi, si Rachelle, mimi.

"Hawa. Wewe macho yako ni mazima. Uliona?"

"Sikuona, yaya," nikamjibu, bila kupepesa.

Alitoka, akaketi kizingitini, akaanza kukwangua tope kwa vile vidole vyake vilivyojikunja. Pale panga lilipopita, kila ukili ulikuwa umekatika na kuanza kufumuka, safu baada ya safu, ncha zimesimama. Rachelle alimhurumia. "Ubebe, mama. Ni kado, usilipe kitu." Waridi hakushukuru. Aliutandika ule mkeka barazani, akalala juu yake chali, kichwa mahali pa kichwa, mikono ubavuni, mchana kweupe.

"Hawa, inafika wapi?"

"Mapajani," nikamwambia.

Mwanaume mmoja aliyepita na baiskeli alisimama akauliza kama mama yule ni mgonjwa.

"Hapana," nikasema. "Anapima."

Alicheka, nami nikacheka. Waridi alikuwa amefumba macho. Chozi lilimtoka jicho moja likaingia sikioni, na mimi nililiona, na bado nilicheka.

Njia nzima ya kurudi hakumkemea dereva. Siku ya pili akaja tena mlangoni kwangu, na ile nusu amekwisha kuifua.

"Unimalizie, Hawa. Mikono yangu unaiona."

"Mimi? Hawa Ruka?"

"Wengine wenye kuweza kazi hii wamekufa," akasema. Hata katika kuomba hakujua kubembeleza.

Nikamwambia nitasuka, lakini kwa sharti. Nitasukia uani kwake, baada ya sala ya alasiri, mbele ya macho yake, naye atanitazama bila kusema neno. Neno moja tu, naondoka. Akakubali. Angefanya nini?

Basi nikaja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kusuka najua, msinidhanie. Lakini nilisuka polepole makusudi, nikaacha majani yakalegea, nikayakaza, nikayaacha tena. Waridi alikuwa akisogea mpaka pua yake iguse ukili, na kila nilipolegeza jani aliuma pindo la kitenge chake. Nilingojea saa ya alasiri kama msichana anavyongojea mchumba. Nilizishona safu moja moja, na mkeka ukashuka toka mapajani ukapita magoti. Siku ya kumi na moja ilikuwa imebaki mkono mmoja, toka kiwiko mpaka ncha ya vidole, na ile shibiri ya kufungia ikiwa humo humo. Kama ningekaza mkono, siku mbili zaidi ningemaliza.

"Umeruka jani," akasema.

Alijiziba mdomo mara ile ile. Mimi nilikwisha kusimama. Yote ya miaka thelathini na minane yalinipanda kichwani, wageni wale, mama mkwe wangu aliyekataa kucheka.

"Ulikubali kunyamaza," nikamwambia. "Basi ufe hivyo hivyo, na miguu yako inje!"

Nikautupa ukili mavumbini.

"Hawa, ni jani tu. Rudia hapo tu. Hawa!"

Niliingia kwangu nikaanza kutwanga, na sikuwa na kitu cha maana cha kutwanga. Kesho yake aliniita kupitia ua. Kesho kutwa aliniita tena, na safari hii hakuniita Hawa. "Mama Abdoul," akasema, "Mama Abdoul, tafazali." Abdoul ni kifungua mimba wangu. Hakuna siku Waridi alipata kuniita kwa jina la mwanangu kama wanavyoitwa wanawake wenye heshima. Nilimsikia vizuri. Nikatwanga kwa nguvu zaidi.

Siku ya nne, asubuhi, nilisikia Iliasi analia.

Walimwosha, wakamvika sanda, wakamlaza juu ya mkeka wake. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomfunga. Mkeka uliishia kwenye miundi. Tuliuvuta chini, kichwa kikabaki wazi, tukaurudisha juu. Mwisho akina mama wakaamua kufunga kamba ya nailoni pale ulipoishia, na miguu katika sanda ikabaki nje. Iliasi alilia kuliko wote, na simu ikamlilia mfukoni, akaizima. Wanaume walipombeba kupita mlangoni kwangu miguu ile ilikuwa ikicheza kidogo kwa kila hatua. Hapo ndipo nilipolia, na watu walinisifu kwa jinsi nilivyompenda jirani yangu.

Jioni niliingia uani kwake. Ukili ulikuwa bado mavumbini nilipoutupa. Niliupangusa, nikaupitishia kidole pole pole kama alivyofanya yeye siku ya harusi yangu, na karibu na mwisho kidole changu kikasimama. Hapo sikuwa nimelegeza makusudi, hapo nilidhani nimesuka vizuri. Nilikuwa nimeruka jani.

Nikaingiza ukucha, nikavuta, nikafumua shibiri nzima. Kisha nikausuka upya mpaka mwisho, jani juu ya jani, hakuna nililoruka, nikaushona. Uko darini kwangu. Ni ule mkono mmoja tu uliokuwa umebaki, hauna kosa hata moja, na hauna wa kumfunika.