Kulungu wa miguu mitatu wa Hinokidai

Umande haujakauka, na Kunihiko Araya tayari amepiga magoti nyuma ya makaburi ya Hinokidai. Anafukua kwa vidole kitanzi cha waya alichokificha chini ya majani makavu. Hakijanasa kitu. Anakifuta udongo, anajaribu springi, anakirudisha. Kisha anasimama, anageukia upande wa nyumba, na papo hapo anashusha macho.

Uani kwa Bibi Fusae Sawatari, kulungu jike anakula maganda ya tufaha. Ana miguu mitatu. Wa nne, wa mbele upande wa kulia, umekatikia chini ya goti.

"Unamwona?" anauliza Araya, sauti ya chini. "Kazi ya mikono yangu hiyo."

Araya ana miaka sitini na saba, fundi bomba mstaafu. Ndiye mwenye kibali cha manispaa cha kupunguza kulungu katika mtaa huu wa mlimani, mkoa wa Nagano. Bunduki haziruhusiwi karibu na nyumba, kwa hiyo kazi ni ya mtego na kisu. Hulipwa yeni elfu nane kwa kila kulungu. "Ukitoa petroli na waya, inabaki hela ya sigara," anasema. "Na sigara niliacha."

Kwamba kulungu walikuwa wamezidi, hakuna anayebisha. Walimaliza vitunguu bustanini, wakabandua magome ya miti, wakaleta ruba mpaka kwenye vibaraza. Lakini kilichowachemsha wazee ni makaburi. Unaweka maua asubuhi, mchana unakuta mabua.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Bibi Sawatari huyo huyo. "Mume wangu alikuwa mkimya tangu namjua," alimfokea mwenyekiti wa mtaa. "Sasa wanamlia maua yake kwa kuwa wanajua hatasema kitu! Mwambie Araya awamalize!"

Araya akafanya alichoagizwa, miaka minne. Watu walitaka kazi ifanyike ila hawakutaka kuiona. Akajifunza kufunika gari kwa turubai, na kupita njia ya nyuma. "Mtu akinipa pole ya kazi, macho yake yalikuwa kwenye viatu vyangu," anasema. "Anatafuta damu."

Masika ya mwaka huu ikafika siku ya kumbukumbu ya kifo cha mkewe, Yasuyo. Katika nyumba yao, siku ya marehemu haitolewi roho ya kiumbe. Hata samaki haingii mezani. Ndiyo maana jioni iliyotangulia Araya huzunguka mlima mzima akitegua mitego, asije akanasa mnyama siku asiyoruhusiwa kumuua.

Jioni ile aliitegua yote isipokuwa mmoja, huu wa makaburini. Mvua ilikuwa imeanza na magoti yalimuuma.

"Ningependa kukwambia nilisahau," anasema, na shingo inageuka nyekundu. "Sikusahau. Nilijiambia, mvua hii, nani atapita?"

Kesho yake mtawa wa hekalu alikuwa katikati ya sala, ndugu wamekaa mkekani, ubani unawaka, ndipo sauti ikashuka kutoka mlimani. Mlio wa kulungu aliyenaswa haufanani na mwingine wowote. Ukanyamaza, ukarudi. Araya aliujua, na alijua unatoka mtego gani. Sheria inataka mitego ikaguliwe kila siku. Yeye alimwomba shemeji yake awaongezee wageni chai.

"Nilisema moyoni, leo siui, kwa heshima ya Yasuyo. Nitakwenda kesho. Nikajiona mtu mwema."

Alipokwenda, alikuta kwato na kipande cha mguu ndani ya kitanzi, kando ya kibati cha mtego chenye jina lake. Akavifukia vyote, akashuka kama mwizi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Haikupita wiki, kulungu akatokea barabarani akichechemea, mchana kweupe. Watoto wakampa jina, Koume. Bibi Sawatari akaanza kumlisha. "Wale wengine ni wezi," anajitetea. "Huyu ni mgeni."

Hakuna aliyemuuliza Araya neno, na hilo ndilo lililomkondesha. Majirani walimwinamia zaidi ya zamani, wakamtakia kazi njema kwa adabu isiyo na doa. Uso umeumbwa na haya. Akaanza kununua mboga mji wa pili ili asikutane nao.

Mwezi uliopita wakazi walikutana. Mwenyekiti, Bwana Onuki, aliuliza wafanye nini na Koume, maana amebaki ngozi na mifupa. Araya akainama kuomba radhi, paji la uso sakafuni.

"Mtego ulikuwa wangu," akasema. "Na nilimsikia akilia, nikanywa chai."

"Tunajua mtego ni wako, Bwana Araya," akajibu Onuki. "Kwani nani mwingine anatega hapa?"

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza.

"Kumsikia, tulimsikia sote," akasema Bibi Sawatari. "Mimi niliongeza sauti ya televisheni. Wewe Onuki ulifunga madirisha, nilikuona. Basi tusimkodolee macho peke yake." Wote wakatazama mkeka. Kisha akamgeukia Araya. "Ila kibali unacho wewe, baba. Mwache ale mpaka theluji ya kwanza. Miguu mitatu haiwezi theluji. Hapo uje umalize ulichokianza. Na uje mchana, mlango wa mbele."

Sasa ni mwisho wa vuli, na vilele vya mbali vimeanza kuwa vyeupe. Anapoulizwa anatumaini nini, Araya anavitazama vilele hivyo.

"Nikikwambia ukweli, kila usiku naomba theluji ya kwanza iwe nzito kuliko zote, imchukue yenyewe kabla sijafika." Anajifunika uso kwa viganja vyenye udongo. "Umenisikia lakini? Bado nataka afe peke yake, nami niwe ndani nakunywa chai."

Anaivuta kofia, anachukua mkoba wake.

"Nitakwenda," anasema. "Nimeshamwomba Bibi Sawatari amshike Koume shingo."