Mwanga Mwekundu Chini ya Leso

Tangu siku Nassir alipozikwa, televisheni ya Hanifa ilikaa imefunikwa leso. Dini haikumwamuru hivyo. Ni mama yake aliyeifunika redio vivyo hivyo alipofiwa, hapo hapo kijijini Bongwe, na Hanifa akakua akijua kwamba mjane akikaa eda, nyumba yake haichezi nyimbo wala picha mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Alikuwa amemaliza miwili na nusu wakati simu ya marehemu ilipolia.

Simu hiyo aliichaji kila siku, mwenyewe hajui kwa nini. Aliyepiga alikuwa kijana wa kituo cha televisheni. Kipindi walichomrekodi Bwana Nassir kule Mackinnon Road, cha wachuuzi wa mbuzi, kingetoka Jumamosi saa kumi jioni. Hanifa akamwambia kwamba Bwana Nassir ametangulia mbele ya haki. Kijana akatoa pole, kisha akasema, "Basi angalau mtamwona, mama."

Mtamwona. Kwa miaka kumi na tisa Nassir alipanda bara kila Jumatatu kununua mbuzi, akashuka Alhamisi kuwauzia wenye hoteli za Diani. Mtoto hawakujaliwa. Picha zake zilikuwa za harusi za watu, amesimama mwisho wa mstari, mdomo umefumba. Sauti yake haikubaki popote, na Hanifa alichokitaka ni hicho tu: aisikie tena.

Akamwita Abdurahman, mdogo wake. Mama yao alipofariki, Abdurahman alikuwa na miaka minne, na mgongo alioujua ni wa dada yake. Vitumbua vya Hanifa ndivyo vilivyomsomesha ufundi umeme. Siku hizi alikuwa akitengeneza televisheni za vyumbani hotelini, na akipata nafasi alifuatana na shemeji yake bara.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Nataka unirekodie kitu."

Alipokwisha kuelezwa, Abdurahman aliinamia mkoba wake wa vifaa kwa muda, kama mtu aliyeangusha sindano ndani.

"Eda haijaisha," akasema. "Si ungeacha tu?"

"Kurekodi si kutazama. Nitatazama nikitoka."

"Na wewe umekuwa mufti siku hizi?"

Wakacheka wote wawili, kazi ikaanza. Abdurahman alikuwa na tabia ya kuzisemesha nyaya. "Wewe wa antena, ingia king'amuzi, hapa nyuma. Wewe wa picha, toka king'amuzi uende televisheni. Flashi, kaa hapa mbele." Akamgeukia dada yake. "Televisheni ilale, haina kazi. King'amuzi ndicho kitakachokuwa macho." Ila kutega saa na chaneli kulihitaji kioo, basi akainua pindo la leso, na Hanifa akaugeukia ukuta mpaka vitufe vya rimoti vilipoacha kulia. "Kikiwa kinarekodi, utaona kitaa chekundu kinapepesa."

Jumamosi saa kumi kikapepesa. Hanifa alikaa mkekani na tasbihi yake, akakitazama kitaa hicho chini ya leso saa nzima kama mtu anayemtazama mgonjwa akipumua. Feni ilizunguka juu yake bila kusita. Saa kumi na moja kikazimika, naye akashukuru.

Magharibi Abdurahman akaja, akachomoa flashi, akazifungua na nyaya. Alisema anakwenda kuiangalia kwake. Asubuhi akarudi mikono mitupu.

"Haikushika, dada. Umeme ulikatika."

"Ulikatika?"

"Katikati ya kipindi. Bongwe nzima." Aliyasema hayo akiuangalia mkeka.

Hanifa aliinua macho, akaiangalia feni. Mtu ambaye hajavuka kizingiti kwa siku sabini na tisa anaijua nyumba yake mpaka pumzi. Siku hiyo hiyo majirani wawili walikuja kumjulia hali. Hawakukaa, lakini walimshika mkono kwa nguvu kuliko kawaida, na wala hawakumtania.

Jioni alimuuliza Faith, mpangaji wake wa chumba cha uani, msichana wa bara aliyefanya kazi ya dobi hotelini.

"Stima ipotee Jumamosi?" Faith akashangaa. "Aa, Bi Hanifa, si nilikuwa napiga pasi hapo nyuma tangu saa tisa! Nani amekudanganya? Lakini kama ni kile kipindi cha mbuzi, usijali, hao hurudia vipindi vyao. Jumanne, saa nne asubuhi." Akaingia kwake, akatoka na flashi ya nyimbo za kanisani. "Ina nafasi. Usinifutie tu kwaya yangu."

Jumanne saa tatu Hanifa alipiga magoti mbele ya king'amuzi. Wa antena, ingia hapa nyuma. Wa picha, nenda televisheni. Flashi, mbele. Kila waya uliingia tundu lake, kwa maana maneno ya Abdurahman aliyashika kama alivyoyashika maneno yake ya kwanza ya utotoni. Ilibaki kutega chaneli. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumwinulia leso. Akasema bismillahi, akaivua yote, akaikunja magotini.

Saa nne ilipofika, Nassir alitokea akiwa amemshika beberu masikio. Alikuwa amevaa kofia aliyoidarizi Hanifa mwenyewe. Alicheka, akasema mbuzi wa hoteli hatakiwi kunona sana, wazungu wanaogopa mafuta, na sauti ilikuwa ile ile, yenye mkwaruzo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Hanifa alilia bila kujifuta. Kitaa chekundu kilipepesa.

Kisha mtangazaji akasema, "Tukafuatana naye mpaka nyumbani kwake, hapa hapa Mackinnon Road."

Mwanamke mwembamba alitoka na birika la chai. "Huyu ni Chiku, mama watoto wangu," Nassir akasema. Na mkekani, ameegemea mto kama mwenye nyumba, alikuwa ameketi Abdurahman. Mtoto wa miaka mitano hivi akamparamia magotini. "Mjomba," akasema, "nipe simu." Na Abdurahman akampa.

Hanifa hakusikia tena yaliyofuata. Kwa Chiku, Abdurahman hakuwa ndugu wala jamaa. Ujomba wake ulipitia kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakuzaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwekea mdogo wake jina hilo, na kumbe lilikwisha kutolewa, na mwenyewe akaliitikia.

Abdurahman alifika adhuhuri na samaki aina ya changu kwenye mfuko. Akaiona televisheni iko wazi. Akaziona nyaya.

"Umeziunga vizuri," akasema.

"Flashi ya kwanza iko wapi?"

Alisimama pale mlangoni, mfuko ukidondosha maji. "Kwa Chiku. Mtoto alikuwa akimlilia baba yake kila siku, dada. Nikaona..."

"Ukaona mimi silii."

"Nassir aliniambia atakueleza mwenyewe kabla kipindi hakijatoka. Wallahi aliniambia. Mauti yakamwahi. Nami nikasema nikusitiri, ukae eda yako kwa utulivu."

"Na huyo Chiku, amekaa eda?"

"Amekaa."

"Siku zangu na zake ni sawasawa, basi." Hanifa alichomoa flashi ya Faith, akaifunga kwenye ncha ya leso aliyojitanda. "La Nassir namwachia Mola, yeye hayupo wa kumuuliza. Wewe upo. Ulikaa hapo, ukanifundisha kitaa chekundu, halafu ukaniambia umeme ulikatika."

"Dada, nisamehe. Nikufanyie nini?"

"Anaitwa nani mtoto?"

Abdurahman aliutua mfuko chini. "Swabir."

Lilikuwa jina la baba yake Nassir, ambalo yeye na Hanifa walikuwa wamemwekea mtoto wao tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Hanifa alitikisa kichwa polepole. Akaichukua ile leso iliyokunjwa, akaikung'uta, akaitandika juu ya televisheni, akalinganisha mapindo pande zote mbili.

"Samaki warudishe," akasema bila kugeuka. "Nenda, mjomba. Mtoto anakungoja."