Maji Yaliyonyunyizwa Bandani

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Mikumi, wakati wa masika. Sudi alikuwa amesimama bandani mwake, mbele ya kabati lake la gemu, kiganja amekibandika kwenye bati la amplifaya, anacheka. Akilishika, spika zinanyamaza. Akiliachia, zinavuma. Alishika, akaachia, akashika tena, kama mtu anayemchokoza mtoto ili amsikie akilia.

Mimi ni mzaliwa wa Vidunda. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo miguu yangu haijajua kutulia. Mikumi nilifika juu ya lori la mbao, nikamkuta Sudi, seremala wa palepale, amepiga kabati refu kwa vipande vilivyosalia kwenye vitanda vya watu. Ndani alipachika televisheni kuukuu, mashine ya gemu, amplifaya aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa na spika mbili za gari. Alitaka madereva na matingo, wasaidizi wao, wanaolaza malori barabarani wapate pa kupitishia muda. Alikuwa ameoa karibuni, na hakutamani kazi nyingine ya kumtoa nyumbani kwa Mwanaidi. Nami, mwanangu, sijawahi kuona kitu kimefunguliwa nikapita bila kuchungulia. Nikabaki kumsaidia.

Shida yetu ilikuwa ule mvumo. Gemu lenyewe lilicheza vizuri, lakini nyuma ya kila sauti kulikuwa na ngurumo isiyokata. Tingo mmoja alimwuliza Sudi kama hilo ni gemu au mashine ya kusaga, maana kama ni ya kusaga yeye ana mahindi kwenye lori. Watu wakacheka, wakaondoka. Tukabadilisha waya, tukaisogeza transfoma mbali na spika, tukazungushia waya karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Ngurumo ikapungua, haikuisha. Ni mkono wa Sudi tu ulioimaliza.

Mzee Mkude, fundi redio wa miaka mingi pale mjini, alipita siku hiyo akitoka sokoni. Tukampa shikamoo, akaitikia, akasimama kutazama. Sudi akamwonyesha mchezo wake wa kushika na kuachia.

"Ina aibu, mzee," akasema. "Inataka kushikwashikwa."

Mzee Mkude hakucheka. Alimwuliza kama anahisi kitu kinamtekenya kiganjani. Sudi akakubali, lakini kidogo tu, kama mdudu anatembea.

"Basi huo si utani, mjukuu wangu. Umeme umekosa njia ya kwenda ardhini, umekufanya wewe njia. Leo unakutekenya. Transfoma hiyo ikiungua ndani, hautakutekenya."

Akatuelekeza tufunge waya kwenye lile bati, tuutoe nje hadi kwenye nondo, na nondo tuizamishe yote, mpaka kule chini ambako udongo hubaki mbichi hata kiangazi. Waya huo mafundi huuita wa athi. Akasisitiza neno "yote", kisha akashika njia yake.

Tulifanya, mwanangu. Usije ukadhani hatukumsikia. Ila ilikuwa masika, na ardhi ilikuwa laini kama papai lililoiva. Nondo ilipofika nusu tukaunga waya, na spika zikanyamaza kabisa, bila mkono wa mtu. Tukatazamana. Ya nini kutoka jasho zaidi? Tukaona mzee amezidisha, kama wazee wanavyozidisha. Nusu iliyobaki juu tukaikata kwa msumeno, Sudi akaifanya komeo la mlango wa banda.

Wateja wakaja. Mimi nikachoka kukaa, nikasikia kwamba Lumuma wakulima wa vitunguu wana pampu ya maji ya namna sijaiona, nikaenda. Kiangazi kikaingia. Udongo wa Mikumi ukapasuka, na kinondo chetu kikasimama katikati ya vumbi kama msumari kwenye majivu. Sudi akanipigia simu kwamba ngurumo imerudi. Nikamwambia aizamishe nondo nyingine, ndefu. Akasema ardhi imekuwa saruji, atangoja mvua. Kwa sasa anatumia mkono kama zamani. Akacheka. Nami nikacheka naye.

Niliposhuka kutoka Lumuma nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba yake. "Sudi tumeshamzika," jirani yake aliniambia, kwa huruma, kana kwamba nami nilikuwemo.

Mwanaidi alinieleza mwenyewe. Kiangazi kile vumbi lilikuwa linawafukuza wateja, kwa hiyo kila mchana Sudi alinyunyiza maji bandani. Siku ile alimaliza kunyunyiza, akavua ndala zisichukue tope, akaenda kulishika bati.

"Aliniita," akasema. "Alisema, njoo usikie, imenyamaza kabisa. Nikamjibu namalizia vyombo. Nilipofika, transfoma ilikuwa imeungua, naye yuko chini."

Kisha akauliza, "Shemeji, hiyo nondo ilikuwa na urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Aliitazama ile nafasi kati ya viganja vyangu, akainuka, akaingia ndani.

Maji, mwanangu. Ndoo kwa ndoo yalimwagwa ndani kwa ajili ya viatu vya wageni, na nyuma ya ukuta uleule nondo ilikuwa imekauka. Nilimwuliza Mzee Mkude palepale matangani kama ndoo moja ya maji yale, ingemwagwa nje penye nondo, ingemwokoa. Akasema hajui. Akasema nondo ingekuwa ndefu, nisingekuwa na haja ya kuuliza. Maji yakimwagika hayazoleki, nayo yakimwagwa pasipopasa, huua.

Nimewasimulia haya vijana wengi, Kilosa, Mikumi, kila nilikopita. Huitikia kwa kichwa. Kisha naona mkono wa mmoja unatambaa kuelekea kwenye bati. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi sina dawa nyingine.

Hata hivyo nakwambia. Kitu kikikupigia kelele, usianze kwa kukinyamazisha. Uliza kinalilia nini. Na ukipewa shauri na anayejua, litimize lote, maana nusu ya shauri ikifanyika masika hufanana na shauri zima. Usijisifu kwa kazi yako mpaka kiangazi kimeipitia. Na mwili wako usiukopeshe mahali panapotaka chuma, hata kwa dakika, hata kwa mzaha.

Mungu akupe usikivu, mwanangu, hata kabla ya ujanja. Ailinde mikono yako mpaka ikunjamane kwa uzee. Na akuitaye, uwahi kumwitikia.