Jino la Ishirini la Mama Fusae

Mama mkwe wangu, Mama Fusae, kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kusifu kitu changu hata kimoja. Sisemi kwa uchungu, nasema ilivyokuwa. Supu yangu ilikuwa maji. Kabeji yangu ya kuchachusha ilikuwa laini mno. Na plamu zangu za chumvi, zile nyekundu ninazoanika mwenyewe kila kiangazi siku tatu mfululizo, nikizigeuza moja moja kama nalea vifaranga, alikuwa akionja moja, anakunja uso, kokwa anaitema pembeni mwa sahani. "Mitsuyo," anasema, "chumvi hii ingetosha pipa la samaki."

Kwa hiyo ile baridi alipoanza kuniomba plamu, kichwa kilinivimba. Nakiri.

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa kupogoa mitufaha. Shamba letu liko mlimani huku Nagano, na theluji ikiwa bado magotini tunapanda na ngazi na misumeno: mimi, mume wangu Yasunori, na mama yake, ambaye alibakiza miezi mitatu atimize miaka themanini na bado hakutaka mtu mwingine ashike msumeno wa matawi makubwa. Chakula cha mchana ni matonge ya wali ninayoyakanda alfajiri. Ndani natia nilichonacho: mwani uliopikwa kwa soya, samaki, siku nyingine plamu.

"Kesho langu litie plamu," akaniambia siku moja.

Kesho yake tena plamu. Wiki nzima plamu.

"Mama, na mwani je?"

"Mwani kuleni nyie. Mimi nipe plamu."

Nilimwambia Bi Kikue, jirani yetu wa nyumba ya chini. Nilimwambia dada yangu kwenye simu. Nilimwambia hata yule bwana wa posta, ambaye hakuniuliza. Miaka ishirini na sita nangoja, na hatimaye mwanamke yule amekubali kwamba najua kutengeneza plamu.

Lazima nieleze habari ya meno yake, maana ndiyo iliyokuwa roho yake. Hapa kwetu, ukifika themanini ukiwa na meno yako mwenyewe ishirini, mji unakuita ukumbini mwezi wa sita, unapewa cheti chenye muhuri na mswaki mpya, na unapigwa picha ukicheka. Bi Kikue alipata chake mwaka juzi. Amekitundika sebuleni, pembeni mwa picha ya marehemu mumewe, juu kidogo. Mama Fusae alikuwa na meno ishirini kamili. Alikuwa akiyahesabu kwa ncha ya ulimi kila asubuhi ya mwaka mpya kabla ya kugusa supu, na sisi wote mezani tunangoja, supu inapoa, mpaka atikise kichwa kwamba yametimia.

Na haikuwa majivuno matupu. Marehemu baba mkwe alimaliza meno yote kabla ya kufika sitini. Kwa miaka kumi na tisa mama alimkatia kila kitu vipande vidogo, huku akimsimanga na kumhurumia kwa wakati mmoja. "Mimi sitaki mtu aje anikatie kabeji," alikuwa akisema, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa akiniangalia mimi.

Basi, siku moja mwishoni mwa mwezi wa pili, tumekaa chini ya mitufaha tunakula. Mama akalimega tonge lake, akaliweka juu ya kitambaa ili amimine chai. Nikatupa jicho, nikaona kwenye wali mweupe wekundu wangu ule nilioutarajia, moyo ukafurahi kama kawaida yake.

Yasunori, mdomo umejaa, akasema, "Hili lina plamu. Nani kanipa plamu?"

Nikaliangalia tonge la mama kwa mara ya pili. Katikati kulikuwa na mwani, mweusi tii. Nilikuwa nimechanganya matonge alfajiri. Lakini pale meno yalipopita, wali ulikuwa mwekundu.

"Mama, hilo si la plamu."

"Basi imevuja kutoka lile jingine."

"Imevujaje kutoka kwa mwanao mpaka kwako, na ngazi iko katikati?"

Akachukua tonge, akala sehemu yote yenye wekundu kwa mara moja, akanywa chai, akarudi mtini. Ushahidi akaumeza.

Ni aibu kusema, lakini kitu cha kwanza kilichoniuma hakikuwa ile damu. Kilichoniuma ni plamu zangu. Kumbe wiki tatu nzima nimevikwa kilemba cha ukoka, na nimekivaa mpaka posta. Nilikata matawi mchana kutwa kwa hasira, mpaka Yasunori akaniuliza mti umenikosea nini.

Tulipofika nyumbani ndipo akili ikanirudia, nikaanza kuunganisha mambo. Mama alikuwa akifunika mdomo kwa kiganja hata pasipo na cha kucheka. Alikuwa akivaa barakoa ndani ya nyumba na kusema ana mafua, mafua yasiyo na chafya. Alikuwa akitafuna upande wa kushoto tu. Peremende za mnanaa zilijaa kila mfuko, na hata hivyo ukikaa naye karibu harufu ilikuwapo. Nikaenda bafuni, nikagusa mswaki wake. Mkavu kama ukuni.

"Mama, husugui meno?"

"Nasugua yasiyotoa damu."

"Na yanayotoa?"

"Wewe ukijikata kidole, unachukua brashi unakisugua?"

Hilo likanikera zaidi. "Sasa hayo unayafanyia nini?"

Akanionyesha kikopo. Ndani kulikuwa na unga mweusi: vikonyo vya biringanya alivyovichoma mpaka vikawa masizi, akavichanganya na chumvi. Anachovya kidole, anajipaka kwenye fizi.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu."

"Na bibi yako alikufa na meno mangapi?"

Akakifunika kikopo. "Mawili," akasema. "Lakini yalikuwa imara."

Nikamwambia twende kwa daktari wa meno. Akasema daktari akiona jino kazi yake ni kung'oa, na yeye hana la kutoa sadaka. Nikambembeleza, wapi. Yasunori akambembeleza, akaambiwa akakoge. Mwisho nikasema, "Sawa. Wacha nishuke nikamuulize Bi Kikue, pengine yeye ana ushauri."

"Miadi iwe kesho saa ngapi?" akauliza Mama Fusae.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Aoyagi, mwenye mikono midogo na subira kubwa. Alimlaza mama kwenye kiti, akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za kupimia, akawa anakipitisha taratibu kati ya jino na ufizi, jino kwa jino, huku akimsomea msaidizi wake namba aandike. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na pochi mbili.

"Tatu, mbili, tatu. Tatu, nne, tano."

Nikaona mguu wa mama unatikisika kwa furaha.

"Tano, sita, sita."

Mama akaniinulia kidole gumba. Walipofika gego la mwisho, chini kulia, daktari akasema, "Nane, saba, nane," na mama akanigeuzia macho kama mtoto aliyeshinda darasa zima. Kiti kilipoinuliwa akajifuta mdomo, akauliza, "Na ya juu kabisa huwa ngapi, daktari? Kumi?"

Daktari alihitaji muda kidogo kuelewa. Kisha akamweleza kwa upole kwamba zile si alama za mtihani. Ni kina. Ufizi mzima unalikumbatia jino, kijiti hakizami zaidi ya milimita mbili tatu. Ufizi ukiugua unaachia, panakuwa na kama mfuko, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mfuko ulivyo mrefu na mfupa wa chini ulivyoliwa.

"Kwa hiyo nane..." akasema mama.

"Nane ni mbaya sana, Bi Fusae."

Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempa ile nane.

Daktari akamwonyesha kwenye kioo. Fizi zilikuwa nyekundu na zimevimba, si za rangi ya waridi. Ukoga ulikuwa umekauka na kugandamana mpaka chini ya ufizi, mahali ambapo mswaki haungefika tena. "Hazitoi damu kwa sababu umezisugua," daktari akasema. "Zinatoa damu kwa sababu hukuzisugua. Ukoga unazichokoza kila siku. Na hiyo chumvi na masizi inazikwaruza juu ya hayo." Akampa mswaki laini, akamfundisha kuulaza kwa pembe pale jino linapokutana na ufizi na kuutikisa taratibu, si kupiga deki. Akampa na vimiswaki vidogo vya kupita katikati ya meno. "Siku za mwanzo damu itatoka. Usiogope, usiache. Baada ya wiki mbili itapungua."

Kuhusu zile nane hakuficha. Meno mengine angeyasafisha mpaka mizizini, kidogo kidogo, kwa sindano ya ganzi, na yangepona. Gego lile lilikuwa limeshaachwa na mfupa, linacheza, na usaha wake ulikuwa unaelekea kwa jino la jirani.

"Nilitoe," daktari akasema.

"Mwezi wa saba," akasema mama.

"Kwa nini mwezi wa saba?"

Sote wawili tukaangalia sakafu. Hakuna aliyetaka kutamka neno cheti mbele ya mtu aliyesoma.

Basi mwezi wa tatu mzima mama alikwenda kila wiki, akasafishwa upande mmoja baada ya mwingine. Alirudi na mdomo umekufa ganzi, chai inamtiririka kidevuni, na bado anatoa amri. Na kusugua alisugua, niseme haki yake. Dakika kumi, mlango wazi, makusudi nimwone. Wiki ya kwanza sinki ilikuwa kama buchani. Wiki ya tatu maji yalitoka meupe, harufu ikaisha, barakoa akaivua. Alipopimwa tena, namba zilikuwa tatu na nne karibu mdomo wote. Isipokuwa gego, ambalo lilibaki na nane yake, na jirani yake, ambalo lilitoka tano likapanda sita.

"Halisubiri," daktari akasema.

"Miezi mitatu tu," mama akasema.

Nilitamani kumpigia kelele palepale. Nilijua meno yakishaanza kuondoka yataondokaje, nilishaona kwa baba mkwe. Lakini mama mkwe hapigiwi kelele, unasonya kimoyomoyo ukiwa umebeba pochi yake.

Siku ya mwisho ya kupogoa tulifika kwenye mti wa zamani kuliko yote, alioupanda mama na marehemu mwaka wa ndoa yao. Tawi moja kubwa lilikuwa na ugonjwa wa gome, limeoza mpaka karibu na shina. Yasunori akasimama chini yake na msumeno, hana moyo.

"Mama, tuliache tu mwaka huu. Angalia vichipukizi vilivyojaa. Likizaa, baada ya mavuno tunakata."

"Kata."

"Miezi michache tu."

"Wewe umekulia shamba gani?" mama akasema. "Ukilionea huruma tawi utazika mti. Kata leo."

Akakata. Likaanguka kwenye theluji. Mimi sikusema neno, naapa. Nilimwangalia tu.

"Usiniangalie hivyo, Mitsuyo."

"Sijasema kitu, Mama."

"Macho yako yana mdomo."

Akashuka ngazi. Akakaa kwenye kisiki, akaingiza ulimi shavu la kulia, akaanza kuhesabu taratibu kama asubuhi ya mwaka mpya. Nikaona machozi yanamjaa, huyu mama ambaye hakulia hata siku tuliyomzika mumewe. Alipomaliza kuhesabu alisema, "Mpigie simu huyo mtoto. Mwambie kesho."

Gego lilitoka kwa dakika tatu. Daktari alisema lilikuwa limeshikwa na mazoea tu. Mama aliomba apewe, akalifunga kwenye karatasi, akalizika chini ya ule mti wa zamani bila kumwambia mtu. Nilimwona kwa dirisha. Mwezi wa tano alitimiza themanini akiwa na meno kumi na tisa, na jino lile la jirani lilikuwa limeshuka mpaka nne.

Asubuhi ya siku ya vyeti tulikuwa shambani tunapunguza matufaha machanga. Bi Kikue akapita njiani amevaa nguo yake nzuri, maana waliokwisha kupata hualikwa nao kukaa mbele.

"Fusae, gari linakuja saa tatu. Bado hujavaa?"

Nikajiandaa kusikia habari ya mafua. Mama akasema kutoka juu ya ngazi, kwa sauti ya kufika bonde la pili, "Mimi nina kumi na tisa."

Bi Kikue akasimama. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akausogelea uzio, akainua kiganja mdomoni. "Huyo daktari wako," akasema chini chini, "anaumiza?"

"Anasoma namba," akasema mama. "Kubwa si nzuri, nakutahadharisha mapema."

Mchana tukakaa kula. Tangu ile siku ya mwezi wa pili sikuwa nimemtilia plamu hata moja. Nilikuwa nimenuna, na nilikuwa nimeamua kununa mpaka mavuno. Mama akauma tonge lake, akaliangalia pale alipouma. Jeupe pe, na mwani katikati. Akalitafuna pande zote mbili, bila haraka.

"Mitsuyo," akasema, "plamu zimeisha?"

"Zipo. Damu ndiyo imeisha. Sasa plamu za nini?"

Akameza, akanywa chai yake.

"Za kula," akasema. "Chumvi umezidisha, kama kawaida yako. Kesho nitilie mbili."

Nilimtilia tatu.