Shamba la Mianzi Tulilolifanya Makaburi

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya mtaa kwa sababu ya mwandiko. Sikugombea. Siku mtaa wetu wa upande wa Mshangano ulipochagua viongozi kwa mara ya kwanza chini ya vyama vingi, nilikuwa nimekaa dawati la nyuma katika darasa la shule ya msingi. Watu walibishana juu ya mwenyekiti mpaka wakachoka, kisha wakataka katibu apatikane upesi waende zao shambani. Mtu mmoja akasema, "Mnahangaika nini? Yule mama si alikuwa karani wa ushirika?" Wote wakageuka wakaniangalia, nami nikainama nikijifanya natafuta kandambili yangu chini ya dawati. Mikono ikanyooshwa. Nikawa katibu.

Nilikuwa karani kweli, miaka mingi, mpaka ushirika wetu ulipoanza kufa na sisi wa ofisini tukapunguzwa. Wanunuzi binafsi wa tumbaku walikuwa wameingia na malori yao, na hakuna aliyekuwa na haja ya watu wa kujaza fomu kwa nakala tatu. Nilirudi nyumbani kulima. Mume wangu alikuwa fundi magari mjini Songea, lakini mwaka ule wa uchaguzi alikuwa tayari ameanza kukohoa na kukonda, na siku za kwenda gereji zilikuwa zinapungua. Hatukulitaja jina la ugonjwa. Mtaani kwetu hakuna aliyelitaja. Tulisema "anaumwa", na kila mtu alielewa.

Kazi ya kwanza ya kamati haikuwa barabara wala maji, ilikuwa makaburi. Eneo la zamani, nyuma ya kigango cha kanisa, lilikuwa dogo, la enzi ambazo mtaa mzima ulizika mara chache kwa mwaka. Sasa tulizika karibu kila wiki, na zaidi vijana. Siku moja wanaume walikuwa wanachimba kaburi la binti wa jirani yetu, na walipofika kiunoni, jembe likagonga ubao. Wakasogea pembeni, wakachimba tena, wakakuta mifupa. Msiba ulikuwa umekaa unasubiri, mwili uko ndani, jua linazidi kuwaka. Mwishowe walimzika binti yule juu ya mtu mwingine, kina kifupi, na wakati wa masika udongo ulititia tukaenda kuongeza mwingine.

Mwenyekiti wetu alikuwa dereva mstaafu, mtu mpole, asiyependa mambo yachelewe. Tulikwenda pamoja kwa afisa ardhi wa halmashauri. Afisa akatandaza ramani juu ya meza, akaweka kidole kwenye kipande kimoja kando ya kijito.

"Hapa ni eneo la wazi," akasema. "Kwa mipango ya mji, hapa hapana mtu."

Mwenyekiti akaniangalia. Pale palikuwa na mtu. Palikuwa na shamba la bibi mmoja mjane, na mianzi yake. Mahindi na maharage alilima nyuma ya nyumba kama sisi wote, lakini mianzi ile ndiyo iliyomweka mjini. Kila masika aligema ulanzi, pombe ya mianzi, asubuhi na jioni, na watu walitoka mitaa mingine kuja kuunywa kwenye kibaraza chake. Mashina yale aliyapanda marehemu mume wake.

Tulimweleza afisa. Akakuna shingo. "Basi akubali kwa hiari, halafu sisi tutamtafutia kipande kingine katika upimaji unaokuja. Nileteeni muhtasari wa mkutano, wenye sahihi na muhuri. Bila muhtasari siwezi kitu."

Kamati ilinituma mimi kwenda kuzungumza na bibi, kwa kuwa mimi ni mwanamke na kwa kuwa alinizoea. Nilimkuta anafagia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo."

Nilimweleza yote. Alikuwa anajua habari ya yule binti aliyezikwa juu ya mtu, alikuwa msibani. Alikaa chini, ufagio magotini, akitazama upande wa kijito.

"Sikatai watu wazikwe," akasema mwisho. "Na mimi ni mtu wa kufa. Lakini mianzi si mahindi kwamba nitapanda mwaka huu nile mwaka huu. Wakinipa shamba la kando ya maji, niipande, ishike, hapo wachukue hili. Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiye mimi."

"Basi andika hivyo. Kwamba mianzi isikatwe mpaka nionyeshwe kwa macho hilo shamba jingine."

Nikaandika palepale, kwenye kaunta buku langu, nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akarudia maneno yaleyale mbele ya watu wote, na watu wakampigia makofi. Wengine walilia.

Ulibaki muhtasari wa kupeleka halmashauri. Niliuandika kwa usafi kwenye fulskepu, usiku mmoja wala haukupita, nikampelekea mwenyekiti atie sahihi. Akausoma akiwa amesimama mlangoni kwake, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hii sentensi ya masharti," akasema, "itatuchelewesha. Afisa akiiona atasema tusubiri upimaji, na upimaji ni lini? Mwakani? Mwaka wa keshokutwa? Andika tu kwamba mwenye shamba ameridhia. Habari ya shamba jingine afisa mwenyewe anaijua, si ameisema kwa mdomo wake?"

Ningeweza kukataa. Mwenyekiti hakuwa mkali, na nadhani kama ningesema hapana angeguna akatia sahihi. Lakini asubuhi ile mume wangu alikuwa ametapika damu, na wakati nafua shuka zake nilikuwa nimefikiri jambo ambalo sikumwambia mtu: kwamba nisingependa awekwe juu ya mifupa ya mtu mwingine. Nilikuwa na haraka kuliko mwenyekiti. Nikarudi nyumbani nikaandika karatasi upya, bila sentensi ile. Tukapiga muhuri.

Kibali kilitoka baada ya majuma machache. Nilishangaa, maana sikuzoea karatasi itembee upesi namna ile.

Mwalimu mmoja kijana ndiye aliyetangulia kuzikwa pale. Ilikuwa masika, ulanzi unatoka kwa wingi. Waliokwenda kuchimba walikuta hakuna njia ya kupitisha jeneza isipokuwa katikati ya mianzi, wakaanza kukata. Nilipofika, mashina yalikuwa yamelala chini kama kumi na tano hivi, na machipukizi aliyoyagema bibi bado yanachuruzika. Bibi alikuwa amesimama kando, kanga begani. Hakupiga kelele. Alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona wanakata? Shamba si sijaonyeshwa?"

"Ni kwa ajili ya njia tu, bibi," nikamwambia. "Msiba umewabana."

Akaitikia. Tukamzika mwalimu. Bibi naye alitupa udongo.

Lakini misiba haikuacha kutubana. Kufikia mwisho wa masika mianzi ilikuwa imebaki ile ya ukingoni tu, na ng'ombe wa watu waliimaliza. Mume wangu alifariki mwezi wa sita, wakati wa baridi ile ya kwetu inayokausha midomo. Hospitali walikuwa wameanza utaratibu wa kuchangia, mpaka glavu za manesi tulikuja nazo kutoka duka la nje, kwa hiyo siku za mwisho niliona heri nimuuguzie nyumbani. Kaburi lake lilichimbwa vizuri, kina kamili, udongo mwekundu, haujaguswa na mtu. Nilisimama pale nikaona ahueni. Nasema kweli, mbele ya jeneza la mume wangu niliona ahueni, halafu nikamwona bibi upande wa pili wa kaburi, ameshika vitenge vya watoto wangu wasisogee ukingoni.

Baada ya arobaini alinifuata. "Twende mjini," akasema. "Wewe unajua maofisi."

Tulikwenda. Mara ya kwanza afisa hakuwepo. Mara ya pili tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka walipofunga. Mara ya tatu tukaambiwa amehamishiwa mkoa mwingine, na mpya bado hajaripoti. Bibi alivaa gauni lake la kanisani kila safari, na viatu alivibeba mkononi mpaka tukikaribia lami. Mara ya nne, au ya tano, afisa mpya alitupokea. Alikuwa kijana, mwenye adabu. Alitoka akaenda kutafuta faili, akarudi nalo, akafungua, akasoma muhtasari wangu kwa sauti, maneno yangu, kwa mwandiko wangu.

"'Mwenye shamba ameridhia eneo lake litumike kwa makaburi ya mtaa.' Basi." Akageuza karatasi kuona nyuma. "Hapa hakuna habari ya fidia wala ya eneo mbadala. Bibi, kwa maandishi haya wewe ulitoa."

"Nilisema nipewe jingine," bibi akasema. "Huyu yupo. Aliandika."

Kijana akaniangalia. Nikasema kwamba afisa aliyeondoka aliahidi kwa mdomo. Akasema anasikitika, mdomo hauingii kwenye faili. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema jambo lenyewe wakati ule. Karatasi ilikuwa mezani, mimi nipo, bibi yupo. Labda ningeandika barua, ningeapa mbele yake, angeipokea. Tukaaga.

Njiani, tulipoiacha lami, alikaa kwenye jiwe akavua viatu. Akauliza bila kunitazama, "Yale maneno yangu, uliyaandika?"

"Niliyaandika, bibi."

Haukuwa uongo mtupu. Kwenye kaunta buku yalikuwepo.

Kabla ya masika ya pili aliondoka. Ulanzi haupo, kibaraza hakina watu, akapangisha nyumba yake na kwenda kuishi Lusewa kwa mwanawe, mkulima wa tumbaku. Aliagana na majirani wote. Kwangu alikuja pia, akawashika watoto vichwa.

Mimi niliendelea na kamati. Tulipata darasa moja jipya la shule, tulichimba mtaro. Watu waliniita "katibu" barabarani, wakanipisha kwenye foleni ya bomba, na kila waliponipisha nilijisikia vibaya. Ulipofika mkutano mkuu wa mtaa, kwenye mengineyo, nilisimama nikasema: sentensi ya bibi niliitoa mimi, kwa mkono wangu, na mwenyekiti anajua. Mwenyekiti alitazama meza. Kisha mzee mmoja, ambaye alikuwa amezika watoto wawili pale, akasema taratibu, "Sasa unataka tufanyeje, katibu? Tuwafukue?" Tukaingia kwenye ajenda ya vyoo vya shule.

Nilikwenda Lusewa kiangazi kilichofuata, juu ya lori la mnunuzi wa tumbaku, nikiwa na sukari na kipande cha sabuni. Nilimkuta bibi amekaa kando ya bani, banda la kukaushia tumbaku, pamoja na wakwe zake, anashona majani ya tumbaku kwenye vijiti. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Alinikaribisha vizuri, akaagiza niletewe uji. Nilisubiri wengine wapeleke vijiti ndani, nikamwambia.

Aliacha kushona. "Nisomee ilivyokuwa," akasema.

Nilikuwa nimelibeba kaunta buku. Nikamsomea maneno yake. Kisha nikamwambia yale yaliyokwenda halmashauri.

"Kwa hiyo kwenye karatasi yao nimegawa tu."

"Ndiyo, bibi."

"Kama mtu asiye na haja nalo."

Alifuta vidole kwenye gunia, kimoja kimoja, lakini weusi ule hautoki kwa gunia.

"Siku ile pale kwenye jiwe nilikuuliza," akasema. "Ungeniambia palepale, ningegeuka nikarudi kwa yule kijana jioni ileile. Nilikuwa bado nina miguu." Akavuta kanga akanionyesha magoti yake, yalivyovimba. "Sasa unaniletea habari hii huku, niifanyie nini?"

Nikamwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikuthubutu kuuliza kama kusikia ni kusamehe. Wakwe zake walirudi, akaendelea kushona. Nililala pale, asubuhi nikadandia lori lilelile. Sukari aliipokea.

Nilirudi nikaandika barua kwa halmashauri, nikaeleza yote na jina langu nikalitia. Sikupata jibu. Nikaandika ya pili, nikaipeleka mwenyewe, wakanigongea muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Nakala hiyo ninayo.

Taarifa ya kifo chake ililetwa na dereva wa tumbaku, majuma mawili baada ya maziko. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, magari hayapiti. Alizikwa Lusewa. Siku ile tulikuwa na kikao. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaa wa jirani na bwana afya amekuja kutuagiza juu ya vyoo. Mwenyekiti alitangaza kifo, tukasimama dakika moja. Tulipokaa, aliniuliza kama niko tayari. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe na majina ya waliohudhuria.